Springi ni Mizani: Kuongeza Pleti Hakuongezi Nguvu ya Pikapu

Mijini na vijijini, pikapu imekuwa punda wa kazi zote. Huchukua saruji na kuipeleka mahali nyumba inapojengwa, huchukua mbolea na kuipeleka shambani, na wakati wa mavuno huchukua nyanya, viazi au mahindi na kuyafikisha sokoni. Kwa kuwa kazi ni nyingi na mafuta ni ghali, mwenye gari hupenda mzigo uwe mkubwa iwezekanavyo kwa kila safari. Aonapo mkia wa gari umelala, aghalabu jambo la kwanza alifanyalo ni kwenda kwa fundi na kuomba springi za nyuma ziongezwe pleti. Fundi hulegeza yubolti, huingiza pleti moja au mbili katika kila springi, kisha hukaza. Gari husimama wima kama jipya. Mwenyewe hulipa na kwenda zake akiamini kuwa pikapu yake ya tani moja tangu siku ile imekuwa pikapu ya tani moja na nusu.

Imani hiyo ina hatari kubwa. Springi iliyoongezwa ugumu haiifanyi pikapu iwe na nguvu zaidi. Huifanya tu isionyeshe kwamba imezidiwa. Kulala kwa mkia si ugonjwa wa kutibiwa kwa kuuficha. Ni lugha ambayo gari hulitumia neno lake moja tu kumwambia dereva uzito uliomo mgongoni mwake. Anayeongeza pleti ili apakie zaidi hajaongeza uwezo wa gari bali amelifunga mdomo.

Jambo hili lastahili kufundishwa katika kila darasa la fizikia, kwa sababu kanuni inayohusika ni ile ile ambayo wanafunzi huijaribu maabara kwa springi ndogo na vijiwe vya uzito.

Kazi ya springi

Mwaka 1678 mwanasayansi wa Uingereza, Robert Hooke, alitangaza kwamba springi hunyumbuka kulingana na kani inayoivuta au kuibonyeza. Kani ikiongezwa mara mbili, mnyumbuko nao huongezeka mara mbili, maadamu mpaka wa unyumbufu haujavukwa. Kanuni hiyo ndiyo iliyowezesha kutengenezwa kwa mizani ya springi, ambayo hupima uzito kwa kuonyesha tu jinsi springi ilivyorefuka.

Springi za pleti zilitumika kwenye magari ya farasi kabla ya kuwapo kwa motokaa. Huko London, mwaka 1804, Obadiah Elliott alipewa hataza ya namna ya kuzifunga chini ya magari hayo. Wazo lenyewe halijapitwa na wakati. Pikapu ya Toyota Hilux, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1968, imeendelea kufungwa springi za namna hiyo nyuma, na pikapu nyingine nyingi za kazi ni vivyo hivyo. Springi hiyo ni fungu la vipande virefu vya chuma cha pua, vilivyopindwa kidogo kama upinde na kupangwa kimoja juu ya kingine, kirefu kwanza na vifupi baadaye. Katikati hufungwa kwenye ekseli, na ncha zake mbili hushikizwa kwenye chesisi.

Ugumu wa springi hiyo hutegemea mambo machache. Idadi ya pleti zilizo sawa ikiongezeka, ugumu huongezeka kwa kiasi hicho hicho. Unene wa pleti una athari kubwa zaidi: pleti yenye unene mara mbili huwa ngumu mara nane. Urefu nao hufanya kinyume, kwani springi ndefu hubonyea kwa urahisi kuliko fupi. Fundi anayeokota pleti nene ya gari kubwa na kuiingiza katika springi ya pikapu huenda asijue kwamba pleti ile moja yaweza kuzidi pleti kadhaa za awali.

Hivyo, pikapu iliyosimama mahali tambarare ni mizani ya springi. Umbali kati ya kitovu cha gurudumu na ukingo wa bodi ulio juu yake hupungua kadiri mzigo unavyoongezeka. Dereva mzoefu huisoma mizani hiyo kwa jicho, hata kama hajasikia jina la Hooke.

Hesabu ya pikapu moja

Na ichukuliwe, kwa mfano, pikapu ambayo ikiwa tupu ina kilo 1,400, na kati ya hizo kilo 600 hubebwa na ekseli ya nyuma. Springi zake mbili za nyuma kwa pamoja hubonyea sentimita 1 kwa kila kilo 100 za mzigo. Kiwanda kimeiruhusu kubeba kilo 1,000. Ili hesabu iwe nyepesi, na idhaniwe kuwa mzigo wote umekaa juu kabisa ya ekseli ya nyuma. Kilo 1,000 zikipakiwa, mkia utashuka sentimita 10, na jicho la dereva limezoea kwamba hapo ndipo mwisho.

Sasa pleti zimeongezwa, na ugumu umezidi kwa nusu. Springi hizo zahitaji kilo 150 ili zibonyee sentimita 1. Kilo 1,000 zile zile zitaushusha mkia chini kidogo ya sentimita 7 tu. Dereva ataona bado pana nafasi, naye ataongeza magunia mpaka mkia ufike pale alipozoea, yaani sentimita 10. Mzigo wakati huo utakuwa kilo 1,500. Kwa jicho, gari ni lile lile. Kwa uzito, limebeba nusu tani zaidi ya kipimo chake.

Nusu tani hiyo haibebwi na pleti peke yake. Springi hupokea uzito kutoka kwenye chesisi na kuukabidhi kwa ekseli. Ekseli huukabidhi kwa beringi, beringi kwa rimu na nati zake, rimu kwa tairi, na tairi kwa barabara. Huo ni mnyororo, na mnyororo hauna nguvu kupita pete yake iliyo dhaifu kuliko zote. Kuongeza pleti ni kuinenepesha pete moja na kuziacha nyingine kama zilivyokuwa.

Yafaa zianze kuangaliwa tairi, kwa kuwa uwezo wake umeandikwa ubavuni. Tairi lenye namba ya uzito 106 limeruhusiwa kubeba kilo 950 likijazwa upepo unaotakiwa. Mawili ya nyuma yatabeba kilo 1,900. Katika mfano uliotolewa, kilo 600 za gari na kilo 1,000 za mzigo hufanya 1,600, na tairi zina akiba ya kutosha. Mzigo ukiwa kilo 1,500, jumla ni 2,100, nazo zimezidiwa kwa kilo 200. Tairi lililozidiwa hujikunja mbavu kupita kiasi kila linapozunguka, na kujikunja huko huzaa joto ndani ya mpira. Safari ikiwa ndefu, jua kali na mwendo wa kasi, joto hilo huachanisha nyuzi na mpira, na mwisho wake ni kupasuka.

Breki nazo zina hesabu yake. Gari likitembea lina nishati, na ili lisimame nishati hiyo haina budi kugeuzwa kuwa joto. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, pikapu ya mfano yenye jumla ya kilo 2,400 ina nishati ya jouli 593,000 hivi. Ikiwa na kilo 2,900, nishati ni jouli 716,000 hivi, yaani imezidi kwa moja ya tano. Ngoma na disiki za breki ni zile zile. Katika mteremko mrefu kama wa Kitonga, mkoani Iringa, ambako breki hukanyagwa tena na tena bila muda wa kupoa, ziada hiyo yaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya kufika na kutofika.

Zaidi ya hayo, pikapu nyingi huwa na vali ndogo ya breki iliyofungwa chini ya bodi na kuunganishwa na ekseli ya nyuma kwa ufito. Kazi ya vali hiyo ni kupima jinsi mkia ulivyoshuka. Ukiwa umeshuka, vali hufahamu kuwa pana mzigo, ikaruhusu breki za nyuma zikamate kwa nguvu. Ukiwa juu, hufahamu kuwa gari ni tupu, ikazipunguzia nguvu ili magurudumu ya nyuma yasifunge na gari likateleza. Pleti zikiinua mkia, vali nayo hudanganywa. Gari lina mzigo mzito, lakini breki zake za nyuma hufanya kazi kama kwamba ni tupu, na ile ziada yote huangukia breki za mbele. Kama vali haikurekebishwa upya, aliyeongeza pleti amepunguza breki siku ile ile aliyoongeza mzigo.

Mahali pa mzigo

Kuna jambo jingine ambalo pleti haziwezi kulitengeneza kamwe, nalo ni mahali mzigo ulipokaa. Pikapu ni wenzo, na ekseli ya nyuma yaweza kuwa egemeo lake. Iwapo umbali kati ya ekseli mbili ni mita 3, na kitovu cha uzito wa mzigo wa kilo 1,000 kipo sentimita 20 mbele ya ekseli ya nyuma, ekseli ya mbele itapokea kilo 67 na ya nyuma kilo 933. Mzigo ule ule ukisogezwa mpaka kitovu chake kiwe sentimita 60 nyuma ya ekseli, kama itokeavyo mabomba au mbao ndefu zinapochomoza nje, ekseli ya nyuma itabeba kilo 1,200, yaani zaidi ya mzigo wenyewe. Kilo 200 zilizozidi zimetoka mbele, kwa kuwa gurudumu la mbele limenyanyuliwa. Usukani huwa mwepesi mkononi, na breki za mbele hukosa uzito wa kuzikandamiza tairi zake barabarani.

Mwenye gari aonapo mkia umelala kwa sababu hiyo, akaongeza pleti, mkia utainuka, lakini momenti hazitabadilika hata kidogo. Kilo 1,200 zitabaki nyuma na kilo 200 zitaendelea kukosekana mbele. Dawa ilikuwa kuusogeza mzigo mbele, kuelekea kwenye kabini, kazi isiyogharimu hata senti moja.

Hoja za watetezi wa pleti

Haifai kudhani kwamba wanaoongeza pleti ni wajinga. Wana hoja zao, na kila moja yastahili jibu.

Hoja ya kwanza ni kwamba springi huchoka. Ni kweli. Chuma kilichonyumbuka mara nyingi mno hulegea, upinde wake hunyooka, na pleti moja moja hupata ufa. Springi ya namna hiyo yafaa kubadilishwa au kurudishiwa umbo lake na fundi anayejua kuchoma na kupoza chuma kwa kipimo. Kufanya hivyo ni kuirudisha mizani kwenye alama yake ya kwanza, wala si kuisogeza. Lakini pleti iliyovunjika isiunganishwe kwa kuchomelea, kwani joto la kuchomelea huharibu ukavu na unyumbufu ambao chuma hicho kilipewa kiwandani, nayo itavunjika tena kando ya kovu.

Hoja ya pili ni kwamba baadhi ya pikapu hutoka kiwandani zikiwa laini mno kwa barabara za vijijini, hata mzigo halali huzifanya zigonge kwenye mashimo. Hili nalo lina ukweli. Kwa gari la namna hiyo pana springi saidizi, ambazo hukaa bila kazi gari likiwa tupu na huanza kubeba mzigo ukishafika kiasi fulani. Ni bora kuliko pleti za kudumu, maana gari tupu lenye springi ngumu hurukaruka kwenye mawimbi ya barabara ya changarawe, na tairi lililo hewani haliwezi kusimamisha gari wala kulipindisha. Hata hivyo, springi saidizi ni za kuubeba vizuri mzigo ulioruhusiwa. Si kibali cha kuuzidisha.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: biashara. Mkulima mwenye nyanya zinazoiva leo hawezi kungoja kesho, na safari mbili hugharimu mafuta mara mbili. Lakini hesabu ya safari moja huacha nje tairi zinazokwisha kabla ya wakati, beringi zinazounguruma, chesisi inayopasuka karibu na vishikizo vya springi, na siku ambazo gari hulala gereji. Huacha nje pia watu walio barabarani ambao hawakuulizwa kama wanakubali kushiriki katika hatari hiyo. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa mwenye gari anayetazama mkia ulioinuka, mzigo wa ekseli ni usufi kweli kweli, kwa kuwa anayeubeba hana ulimi wa kulalamika.

Wala haitoshi kuhesabu magunia. Gunia la lumbesa, lililojazwa mpaka likashonewa kilemba, hupita kilo 100, ingawa lumbesa imekatazwa. Magunia kumi ya namna hiyo si tani moja. Na mizani ya barabarani haiwezi kutegemewa kuwakamata wote. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari huhusu magari ya kilo 3,500 na kuendelea, kwa kuwa shabaha yake ni kulinda barabara. Pikapu nyingi ndogo, kwa uzito wao halali, hazifikii kiasi hicho. Mizani inayobaki kwa pikapu ni springi zake mwenyewe, na hiyo ndiyo inayoharibiwa kwa spana.

Alama ya meli na alama ya pikapu

Mabaharia walikutana na tatizo hili mapema. Katika karne ya 19 meli nyingi za Uingereza zilipakiwa kupita kiasi na kuzama pamoja na watu wake. Mbunge Samuel Plimsoll aliupigania utaratibu wa kuchora alama ubavuni mwa meli, ili maji yakiifikia alama hiyo upakiaji ukome. Mwaka 1876 sheria ililazimisha alama ichorwe, lakini mwenye meli akaachiwa kuchagua mwenyewe mahali pa kuichora. Ni wazi kwamba alama ya namna hiyo haikuwa na maana kubwa, na mwaka 1890 sheria nyingine iliondoa hiari hiyo. Meli haiongezewi uwezo wa kuelea kwa kupandisha rangi ya alama yake.

Anayeongeza pleti ili apakie zaidi yuko katika mwaka 1876. Amejichagulia alama. Na jambo la kupendeza ni kwamba shule yoyote yenye pikapu, au yenye jirani mwenye pikapu, yaweza kumsaidia kutoka huko kwa jaribio la saa mbili.

Gari lisimamishwe mahali tambarare, tairi zikiwa na upepo sahihi na magurudumu yakiwa yamezuiwa kwa mawe. Wanafunzi wasome kwanza kibati cha kiwanda, ambacho aghalabu hubandikwa penye mlango, ili wajue uzito wa jumla ulioruhusiwa. Wakitoa uzito wa gari tupu pamoja na wa dereva na abiria wa kabini, watapata mzigo halali. Kisha wapime kwa futi ya fundi umbali kati ya kitovu cha gurudumu la nyuma na ukingo wa bodi, kushoto na kulia, na kuchukua wastani. Baada ya hapo mifuko ya saruji ya kilo 50 ipangwe juu ya ekseli, minne kwa mara moja, na kila mara bodi itikiswe kidogo kabla ya kupima, kwa sababu pleti husuguana na msuguano huo huizuia springi kutulia mahali pake. Kazi ikome mzigo halali unapofikiwa.

Vipimo vikichorwa kwenye karatasi ya grafu, mstari utakaribia kunyooka, na mwinamo wake ndio ugumu wa springi. Hapo Kanuni ya Hooke haitakuwa tena sentensi ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Mwisho wa jaribio, mstari mwembamba wa rangi uchorwe kwenye kijiti cha kupimia, mahali palipolingana na mzigo halali, na mwenye gari apewe kijiti hicho. Akibadilisha springi siku yoyote, jaribio lirudiwe na mstari uchorwe upya, ili ugumu mpya usimdanganye.

Mafundi wa gereji wasiachwe nje ya kazi hii. Wanafahamu chuma kwa mikono yao, nao ndio wanaoombwa pleti kila siku. Fundi aliyekaribishwa shuleni kuonyesha springi iliyokatika, beringi iliyoungua na chesisi iliyopasuka atafundisha jambo ambalo kitabu hakiwezi kulionyesha. Naye atakapoulizwa na mteja wake kesho yake kama pleti mbili zitatosha kubeba tani moja na nusu, atakuwa na jibu lenye hesabu ndani yake: zitatosha kuinua mkia, lakini tairi, breki na ekseli zitabaki kuwa za tani moja.